Mchepuko wa Kina Bibi

Asubuhi ile maji yalikatika Mwaisha akiwa katikati ya kumwagilia maharage. Hayakupungua kwanza wala hayakubadilika rangi. Alisimama na jembe mkononi akautazama mkia wa maji ukiteremka mbele yake, ukipita kwenye matuta ya dada yake, halafu basi. Nyuma yake mfereji ulibaki tope tupu na vyura wawili wasiojua la kufanya.

"Kuna mtu huko juu," alisema, "na huyo mtu leo atanitambua."

Akajifunga khanga kiunoni, akapanda.

Mwaisha alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Katika lukolo lwao, yaani ule ukoo wa upande wa mama ambao Mluguru huzaliwa ndani yake na kuzikwa ndani yake, yeye ndiye aliyeshika mfereji. Na kushika mfereji si cheo cha kuvalia kilemba. Maana yake ni kwamba ukiziba unaitwa wewe, ukibomoka unaitwa wewe, na wawili wakigombea zamu ya maji unaamua wewe, kisha kesho yake wote wawili wanakununia. Mama yake aliushika kabla yake, na bibi yake kabla ya mama. Kaya thelathini pale mlimani, juu ya Kilakala, zilikula kwa maji yale.

Alipofika kwenye chimbuko, mahali kijito kinapotoka kwenye miamba na kutulia kidimbwini, alikuta kidimbwi kimezungushiwa ukuta wa mawe na saruji. Bomba la chuma nene kama paja lilitoka ukutani na kuteremka kuelekea mjini. Mlango wa mfereji ulikuwa umezibwa kwa ubao mzito, na kwenye ubao kulikuwa na kufuli. Kweli kabisa, kufuli la kufungia sanduku, limefungiwa mto.

Kando yake aliketi Yunusi, kijana wa pwani aliyekuwa msimamizi wa Kampuni na mkalimani wake. Kwa wiki nyingi wapagazi walikuwa wakipandisha saruji na mabomba, na watu waliambiwa ni njia tu ya bomba inapimwa. Yunusi alimwona mama wa watu anakuja na jembe, akasimama haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maji yangu yako wapi?"

"Mama, maji sasa ni ya Kampuni. Serikali imeipa Kampuni kazi ya kupeleka maji mjini, stesheni na bomani. Nanyi hamkusahauliwa. Mmewekewa bomba la kuchotea pale chini, kila debe sarafu moja ya heli."

"Ninunue maji ya kijito nilichozaliwa kando yake?"

"Hayo si maneno yangu, mama. Ni ya Kampuni."

"Na mto huu Kampuni imepewa na nani?"

"Na mwenyewe. Karatasi ipo, na dole gumba lake lipo."

"Mwenyewe nani?"

Yunusi alitazama kiatu chake. "Mzee Kibwana," alisema.

Mwaisha aligeuka, akaanza kushuka. Kibwana alikuwa mumewe.

Kwa Mdachi, yaani yule Mjerumani wa Kampuni, hapo hapakuwa na tatizo lolote: umemkuta mwanamume mzima amekaa mlangoni pa nyumba, umemuuliza habari za shamba, amekujibu, mmeandikiana. Lakini Uluguru mwanamume hukaa kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. Analima, anajenga, anazaa, na hata akikaa miaka mia ardhi haiwi yake. Kibwana alikuja kutoka upande wa Mzumbe akiwa na jembe moja na jamvi moja kwapani. Miaka ishirini na mitano baadaye mali yake ilikuwa ileile, isipokuwa jembe lilikuwa limekwisha makali.

Tena na koti. Mwaisha alilikumbuka akiwa njiani kurudi, akasimama palepale. Koti jeusi lenye vifungo vya shaba, ambalo Kibwana alidai amepewa kwa kubebea wazungu mizigo.

Alimkuta amelivaa, juani, jasho linamtoka.

"Habari za mwenye mto?" Mwaisha alimwuliza.

Kibwana alianza kufungua kifungo cha juu, akakosa, akakiacha. "Mke wangu, walisema ni ruhusa ya kupita tu. Yule mzungu wa Kampuni, Bwana Mabomba, alinipa kiti. Akaniita mzee mwenye mto mbele ya wapagazi wote. Tangu nimekuja hapa, nani amewahi kuniita mwenye kitu?"

"Kwa hiyo kwa kiti na koti ukanitolea dole."

"Nilijua ningewaeleza ninyi baadaye."

"Ulijua." Mwaisha aliingia ndani, akakunja jamvi la Kibwana, akalitoa na kuliegemeza kwenye ukuta wa nje. Kila jirani alijua maana yake, na Kibwana mwenyewe alijua kuliko wote. Jamvi la mkwe likitolewa nje, mkwe amekwisha. "Hili litakaa hapa," alisema. "Alhamisi tunakwenda bomani. Utasimama mbele ya Bwana Shauri, utasema wewe ni mkwe na mto si wako. Ukisema, tutazungumza habari ya jamvi."

Alhamisi walishuka watu wengi. Bwana Shauri, Mdachi aliyeamua kesi bomani, aliketi barazani na karatasi mbele yake. Kulia kwake alikaa wakala wa Kampuni, yule ambaye watu walimwita Bwana Mabomba, mrefu, mwekundu wa shingo, na nyuma yao askari wawili, mmoja na kiboko chake. Ulikuwa mwaka wa pili tangu reli ifike Morogoro. Vita vya kusini, vile vya Maji Maji, vilikuwa vimekwisha, lakini kila mtu pale alikuwa na ndugu aliyemwona kwa mara ya mwisho kwenye kamba ya kunyongea bomani.

Mwaisha alieleza vizuri, bila kupaza sauti. Ardhi ni ya lukolo. Lukolo hufuata mama. Mume ni mgeni wa heshima.

Yunusi alitafsiri. Bwana Shauri alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia mtoto akisema ng'ombe ni wa ndama.

"Mzee," alimwuliza Kibwana, "mto huu ni wako au si wako?"

Kibwana alimtazama Mwaisha. Kisha akakitazama kiboko, na macho yakakwama pale.

"Ni wangu," alisema.

Mwaisha aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hasira ingekuwa nafuu. Kumbe huyu ndiye mtu ambaye yeye Mwaisha alimzalia, akampikia, akamkanda mgongo alipokuwa na homa.

"Shauri limekwisha," alisema Bwana Shauri. "Mto ulikuwa wa mzee huyu, sasa ni wa Kampuni."

"Nimesikia," alisema Mwaisha. "Ila naomba Bwana aseme wazi, watu wote wasikie, wasije wakakosea. Kazi za mto tangu zamani tumezifanya sisi wanawake. Je, tuendelee, au tusiguse?"

Bwana Mabomba alidakia kabla hata Yunusi hajamaliza kutafsiri. Alichoogopa yeye ni majembe karibu na ukuta wake. Wakanong'onezana, na Bwana Shauri akaamuru iandikwe: mtu yeyote wa kijiji kile, mwanamume au mwanamke, asitie mkono wala jembe kwenye mto ule kuanzia kwenye bomba hadi juu. Atakayegusa, viboko ishirini na vitano.

"Asante, Bwana," alisema Mwaisha, "tutatii."

Dada yake Hidaya alimfuata njiani akilia kwa hasira. "Unashukuru? Wamekutia kitanzi na wewe unashukuru?"

"Hidaya, huu ni mwezi gani?"

Hidaya alifikiri. Polepole akaacha kulia.

Kila mwaka, siku chache kabla ya masika, kulikuwa na kazi moja ambayo Kampuni haikuijua, kwa kuwa ilifanywa siku moja tu na haikuacha alama. Juu ya kidimbwi, nyuma ya mwamba mkubwa ulioota majani ya kangaga, bibi zao wa kale walichonga njia ya pembeni, wakaiita mchepuko. Kiangazi huzibwa kwa mawe na udongo ili maji yote yaje kidimbwini. Masika yakikaribia wanawake huuzibua, na yale mafuriko yenye matope, mawe na magogo hupita huko na kuangukia korongoni, na kidimbwini huja maji ya kiasi, safi. Usipouzibua, kijito huleta mlima mzima.

Na wanaume hawakuwa wakijua mchepuko uko wapi hasa. Siku ile ilikuwa mwiko kwao kupanda, na mwiko wenyewe haukuhitaji mlinzi. Wanawake walifanya kazi wakiimba, na nyimbo za siku ile zilikuwa za kuwasengenya waume kwa majina yao: nani anakoroma, nani mvivu, nani mama yake bado anamkatia kucha. Hakuna mwanamume mwenye akili aliyetaka kwenda kusikia zamu yake.

Februari hiyo hawakupanda. Walitii.

Lakini kutii kulikuwa na gharama yake, msidhani. Mfereji ulipasuka kwa ukavu. Maharage yalikauka, na mboga zilizokwisha kuota zilikunja majani zikafa. Wanawake waliapa kutonunua hata debe moja, wakabeba mitungi kutoka kijito cha bonde la pili, safari ya nusu siku. Mwaisha aliwaona shingo zinakonda, na kuna jioni alikaa peke yake akajiuliza kama ni yeye anayewaua. Kibwana alilala jikoni kwa jirani. Jamvi lilibaki ukutani, kuku wakalifanya uwanja.

Machi mvua ikaja. Ilinyesha siku tatu mfululizo juu vileleni, na siku ya nne kijito kilishuka kikinguruma. Waliusikia mlio wakiwa nyumbani. Hidaya alimtazama dada yake, Mwaisha akaendelea kuchambua mchele.

Habari za mjini alizipata kwa Hasanali, mwenye duka aliyekuwa akinunua mboga zake. Hasanali alitoka nje akamwonyesha debe lililokuwa na udongo mwekundu hadi nusu.

"Bibi Mwaisha, tazama. Nimelipia maji, nimeletewa kiwanja. Ningeweza kujenga."

"Si ukaseme kwa Kampuni?"

"Nimesema. Wananiambia bei haibadiliki." Akashusha sauti. "Stesheni ni balaa zaidi. Gari la moshi la Dar es Salaam limelala siku ya pili halina maji. Mto wote umekuwa uji, na mashine hainywi uji."

Bwana Mabomba alipandisha wafungwa arobaini na makoleo. Walifukua kidimbwi tangu asubuhi, mchana mvua ikanyesha, jioni kidimbwi kikajaa tena. Siku ya pili vivyo hivyo. Walizungumza habari ya baruti, lakini baruti ingebomoa ukuta wao kwanza. Ndipo Yunusi, ambaye masikio yake hayakuwa ya mapambo, alipokumbuka ule msemo wa Mwaisha barazani, kwamba kazi za mto walizifanya wanawake. Akamwambia bwana wake, na bwana wake akamwambia Bwana Shauri.

Siku iliyofuata Bwana Shauri mwenyewe alipanda mlima, matope hadi magotini, na Bwana Mabomba, na askari. Kijiji chote kilikusanyika mbele ya nyumba ya Mwaisha.

"Mama," alisema Yunusi, "Bwana anasema mje mfanye ile kazi yenu ya kila mwaka. Leo hii."

"Mwambie Bwana naogopa viboko ishirini na vitano. Karatasi anayo yeye."

"Anasema anakupa ruhusa."

"Ruhusa ya nini? Mto si wangu. Si alisema una mwenyewe?" Mwaisha aliingiza mikono kwapani. "Amwulize mwenyewe."

Bwana Shauri alielewa bila kutafsiriwa. Akageuka. "Mleteni Kibwana."

Hilo Mwaisha hakulitegemea. Alikuwa amelipanga neno lile miezi miwili, akilinoa, akilifurahia, na hakuwahi hata mara moja kufikiri ni mgongo wa nani litakaoangukia.

Kibwana aliletwa akiwa na koti lake, limechakaa sasa, limepungua vifungo viwili. Bwana Shauri alimwuliza kazi ile ya wanawake hufanywa wapi huko juu, na vipi. Kibwana akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza. Askari wakamvua koti, wakamlaza kwenye kinu kilicholazwa, na kiboko kikaanza.

Mwaisha alihesabu bila kutaka. Neno moja tu lingetosha: nyuma ya mwamba wa kangaga. Angelisema, wangemwacha, na Kampuni ingejua. Mwaka ujao wangezibua wenyewe kwa wafungwa, na kufuli lingekaa hapo mpaka wajukuu wa wajukuu. Kiboko cha sita. Mgongo ule aliukanda yeye. Cha saba. Mdomo wake ulifunguka.

Kibwana aliinua kichwa. Alimtazama mkewe moja kwa moja, na kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi, akatikisa kichwa. Hapana.

Mwaisha akafunga mdomo, machozi yakimtoka bila kujificha.

Walipofika cha kumi na mbili Bwana Mabomba alimshika Bwana Shauri mkono, akatoa saa mfukoni, akamwonyesha. Huenda alizungumza habari ya gari la moshi, huenda alichoka tu kutazama. Askari alisimama.

"Kwa mara ya mwisho," alisema Bwana Shauri. "Wewe ni mwenye mto. Sema."

"Mimi si mwenye mto," alisema Kibwana. Sauti ilikuwa ndogo, ila kulikuwa kimya na kila mtu aliisikia. "Mimi hapa ni mkwe. Niliwadanganya kwa sababu ya koti, na barazani nikadanganya kwa sababu ya woga. Mwenye mto ni yule pale. Mkitaka maji, mwombeni yeye."

Bwana Shauri alimtazama mwanamke yule mfupi aliyekuwa akilia waziwazi na bado amesimama wima. Hakucheka safari hii.

"Anataka nini?" alimwuliza Yunusi.

"Nitasema mwenyewe," Mwaisha alijibu. "Kwanza, mume wangu anyanyuliwe pale. Pili, kufuli litoke. Mfereji wetu upate maji kwanza, ukishajaa ndipo yaende kwenye bomba, na kijito kinatosha vyote viwili kama kikitunzwa. Tatu, yaandikwe hayo kwa karatasi kama mlivyoandika yale, yasomwe hapa watu wasikie. Na penye jina la mwenye mto mniandike mimi, si mwanamume yeyote."

"Na usipokubaliwa?" aliuliza Bwana Shauri.

"Mnipige. Kiboko kitanitoa damu. Maji hakitayatoa."

Yunusi alilitafsiri lile la mwisho taratibu, na alipomaliza akalirudia kwa Kiswahili, pengine alilipenda. Bwana Mabomba alikuwa wa kwanza kuitikia kwa kichwa. Karatasi iliandikwa juu ya mgongo wa sanduku, ikasomwa mara mbili, na Mwaisha akaweka dole lake huku akilitazama wino kwa makini, asije akawa naye anatoa asichokijua.

"Sasa wanaume wote washuke," alisema.

"Wote?" aliuliza Yunusi.

"Hata huyo mwenye saa."

Wakashuka, na Bwana Shauri pamoja nao, wakangojea chini kwenye bomba la debe. Walisikia majembe huko juu, halafu nyimbo. Yunusi aliombwa atafsiri, akasema hasikii vizuri. Alisikia vizuri kabisa. Siku ile waume walipumzishwa, na aliyeimbwa alikuwa Bwana Mabomba, shingo yake na yote.

Kabla ya alasiri furiko liligeuka na kuangukia korongoni kwa kishindo, wafungwa wakafukua kidimbwi kwa mara ya mwisho, na Yunusi mwenyewe alifungua kufuli. Maji yaliingia mfereji mkavu yakisukuma majani makavu mbele yake. Hidaya alitembea nayo sambamba, hatua kwa hatua, hadi kwenye matuta yake.

Kampuni haikuondoka. Iliendelea kuuza maji mjini, na Hasanali aliendelea kulalamika bei. Lakini kila Februari, kwa miaka yote Wadachi walipokuwa pale, Yunusi alipanda mlima kofia mkononi, akamwamkia Mwaisha, akauliza kina mama watapanda lini.

Jioni ya siku ile ya viboko Mwaisha alilikung'uta jamvi, akafukuza kuku, akaliingiza ndani. Kibwana alilala kifudifudi, naye akamkanda mgongo kwa majani ya dawa, polepole.

"Wangekuua bure," alimwambia. "Hata ungetaka kusema, ungesema nini? Hujui mchepuko uko wapi."

Kibwana aligeuza uso ukutani. "Nyuma ya mwamba wa kangaga," alisema.

Mkono wa Mwaisha ulisimama.

"Mwaka ule niliokuja kukuposa, niliwafuata. Nilijificha kwenye kangaga. Nilitaka kukuona tu ukifanya kazi." Akavuta pumzi kwa maumivu. "Mlikuwa mnamwimba baba yako."

Mwaisha aliihesabu mistari ya kiboko mgongoni. Miaka ishirini na mitano mtu huyu aliijua siri ya lukolo na hakuitumia, wala leo, wakati kila pigo lilikuwa likimwuliza.

"Usijigeuze," alisema mwishowe, akarudisha mkono mgongoni. "Lala hivyohivyo. Ukipona nitakugombeza vizuri habari ya lile koti."